TAHADHARI: Ampu za valvu za mtumba Kariakoo, nimeuziwa transfoma mbovu

Ndugu zangu wapiga gitaa, nimeingizwa mjini. Laki tisa na nusu zimekwenda kwenye ampu ya gitaa, na hela ile ya kikundi mnajua wenyewe ilivyopatikana. Mwenyekiti wetu akinipigia simu nashindwa hata kupokea.

Yule muuzaji alinikaribisha vizuri mno. Akachomeka ampu, akasema tusubiri valvu, yaani zile chupa za kioo zinazokuza sauti, zipate moto. Zikaanza kuwaka rangi ya chungwa, moja baada ya nyingine, nami nimeinama kwa nyuma nazitazama. Akachukua gitaa akapiga sebene, vidole vinakimbia, sauti nzito, safi. Nikajiambia, mtu anayepiga hivi hawezi kumwibia mpiga gitaa mwenzake. Nikapiga na mimi, dakika tano hivi. Nilipotaka kuongeza sauti akaizima haraka: "Jirani ana mgonjwa, kaka." Akasema imetoka Marekani, ila transfoma, ile ya kubadilisha volti za umeme, imeshabadilishwa, sasa inakula volti 230 zetu moja kwa moja. Nikauliza mbona transfoma inang'aa hivi? "Kwani hiyo si mpya, kaka!" Nikaamini. Risiti kanipa, ampu kanibebea mwenyewe mpaka kwenye bajaji. Ningemshukuje?

Jumamosi tulipoipiga ukumbini mlikuwepo. Mvumo ulianza taratibu, tukadhani ni waya wa gitaa. Kisha ile harufu ya vanishi inayoungua, kisha moshi, ukumbi mzima umegeuka kututazama. Na fyuzi haikukata!

Jana fundi kaifungua mbele yangu. Fyuzi imevishwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ingekataje? Akachomoa valvu zote, akafungua nyaya zote za upande wa kutolea umeme, transfoma ikabaki peke yake bila mzigo wowote. Akaipitishia umeme kupitia globu ya wati 100. Transfoma ingekuwa nzima, globu ingezima au ingefifia sana. Yetu iliwaka kama taa ya sebuleni. Mita kabla ya hapo haikuonesha tatizo, maana mizunguko michache ya waya ikigusana ndani, omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya, hazishuki kiasi cha kukushtua. Akakwangua ile rangi nyeusi ya transfoma: chuma cha zamani chenye kutu, kimesukwa upya kwa waya mwembamba, na kati ya tabaka na tabaka kuna selotepu. Selotepu! Ikiwa baridi inafanya kazi. Ikichemka, selotepu inalegea, nyaya zinagusana, basi.

Muuzaji huyu hafai kuachwa. Mle ndani kuna volti zaidi ya 300, na kijana wetu alikuwa ameshika gitaa lenye nyuzi za chuma. Angeungua nani, muuzaji au sisi? Afungiwe duka, arudishe hela ya kila mtu, alale ndani. Kumsamehe sitaki kusikia.

Mkienda kununua popote, rangi mbichi kwenye transfoma muiogope, na fyuzi itoeni muione kwa macho. Anayewakatalia kuiwasha ampu nusu saa nzima, ondokeni. Kuna na mengine fundi alisema, nitaandika nikitulia.

Kesho saa tatu asubuhi naenda polisi, risiti ninayo, transfoma nimeifunga kwenye mfuko kama ilivyo. Mwingine aliyeuziwa pale, hata spika, aje na risiti yake twende pamoja.