Bastola ya ghala: magazini imeanguka Kikuubo, lawama nikatupiwa mimi

Naandika hasira haijapoa, kwa hiyo anayetaka uzito wa bastola na kipenyo cha risasi atafute kwingine. Ninachokipima hapa ni huduma: kupewa bastola na ghala la silaha la kampuni ya ulinzi hapa Kampala. Asubuhi unachukua, jioni unarudisha, kesho unapewa nyingine kabisa. Kampuni siitaji. Bado wananilipa, ingawa mshahara wenyewe ni wa kubembeleza.

Kazi yangu ni kusindikiza fedha za wafanyabiashara hadi benki. Wenzangu wa nyuma ya gari wanabeba bunduki ndefu. Mimi nakaa mbele na dereva, na pale mbele bunduki ndefu ni ya kugongana na gia tu, ndiyo maana napewa bastola.

Sasa, anayeijua Kikuubo anajua. Maduka ya jumla yamebanana, wapagazi wanapita na magunia vichwani wakipiga kelele upishe, boda boda zinapenya mahali ambapo hata paka angefikiria mara mbili. Juzijuzi, msimu huu wa mvua, tulisimama pale kumchukua mteja na begi lake. Nikafungua mlango, haukufunguka wote, mkokoteni wa sukari umeuzuia. Nikajipenyeza. Kiuno kikasugua mlango, nikasikia kitu kimegonga chini.

Magazini, kasha la risasi la bastola yangu. Iko kwenye tope, katikati ya miguu ya wapagazi.

Mama mmoja mwenye duka akasema, "Afande, kitu chako kimeanguka." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniua. Angecheka ningevumilia.

Kanuni ya kampuni ni kwamba chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, haikai na risasi mpaka hatari ionekane. Hesabu mwenyewe: mteja yuko nyuma yangu na mamilioni kwenye begi, kiunoni nina chuma kitupu, na risasi zangu zote zinakanyagwa na watu wa sukari. Nikainama kuokota. Mlinzi anayeinama Kikuubo huku mteja amesimama peke yake! Mteja hakusema neno hadi benki, ila nilimwona anaitazama bastola yangu kila tukisimama kwenye foleni.

Jioni nikarudi ghalani. Nilikuwa nimeshaikagua: kibano kinachoishika magazini kimelika, ukikigusa kidogo tu kinaachia. Si kosa la siku moja. Kimelika kwa miaka ya mikono ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyeiona bastola ile kuwa yake. Ni viatu vya mitumba vya soko la Owino, vimeshachukua umbo la miguu ya wengine, wewe unaambiwa vaa ukimbie.

Nikamwambia mwenye ghala kwa heshima zote, "Afande, kibano cha hii kimelika. Naomba kesho ile ya wiki iliyopita, niliizoea."

Hakuinua uso. "Wewe nani hapa uchague? Unataka na rangi?"

Vijana wa zamu ya usiku wakacheka. Nikasema sichagui, naomba. Akasema, "Bastola ni ya kampuni, na wewe ni wa kampuni. Mnafanana." Halafu akafungua kitabu, akapitisha kidole, akasema lile lililonifanya niandike haya: "Tena hii si yako. Kitabu kinasema asubuhi ulichukua nyingine. Hii umeitoa wapi?"

Jamani. Alinipa mwenyewe, kwa mkono wake, alfajiri, akaniambia saini hapa. Namba alikuwa amenakili ya jana bila kutazama chuma. Mbele ya watu nikageuka mimi mtuhumiwa wa kuwa na bastola isiyo yangu.

Atakayesema nakuza jambo dogo akumbuke mwaka 2018. Mbunge Ibrahim Abiriga alipouawa kwa risasi mwezi Juni, Rais Museveni aliagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama. Silaha inafyatuliwa, maganda na risasi vinahifadhiwa, kwa sababu kila mtutu unaacha mikwaruzo yake na kila sindano ya kufyatulia inapiga ganda kwa namna yake. Vizuri kabisa. Ila alama hizo zinataja chuma tu. Nani alikishika siku ile, hilo linatoka kwenye kitabu cha ghala. Na kitabu cha ghala letu kinaandikwa na bwana huyu! Siku bastola niliyoibeba mimi ikitumika vibaya kitabu kitamfunga mwenzangu, na siku yake ikitumika kitanifunga mimi.

Mimi nilikuwa polisi kabla ya hapa, na huko pia sikuchagua. Hakuna konstebo wa Uganda anayeulizwa anapenda nini. Unapewa AK-47, unasaini, unakwenda lindo. Na sikulalamika, kwa sababu AK ni AK. Leo hii, kesho ile, kitasa cha usalama kiko upande uleule na kinashuka kwa mpangilio uleule. Ukiamshwa usiku wa manane mkono unajua.

Ghala letu ni soko. Kuna Makarov, kuna Beretta, kuna nyingine hata alama imefutika. Kwenye Makarov, kitasa cha usalama kikiwa juu umefunga, ukikishusha uko tayari. Kwenye Beretta 92 mambo yamegeuka: juu ndiyo tayari, chini umefunga. Mtu anayebeba hii Jumatatu na ile Jumanne, siku ya mwizi atafanya nini? Kidole hakisomi maandishi. Kitashusha, kwa sababu jana kilishusha, na kitakuwa kimeifunga bastola huku mwizi amemnyooshea yake.

Kuna rafiki yangu aliyesoma kozi ya ulinzi nje, naye huniambia kila siku kwamba Marekani idara nyingi za polisi huwaachia askari wachague. Kweli. Polisi wa jiji la New York walipoacha rivolva miaka ya 1990, askari walichagua kati ya bastola chache zilizoidhinishwa. Lakini rafiki yangu huwa hamalizii. Orodha iliandikwa na idara, majaribio ya shabaha ni lazima, na hata Glock, mojawapo ya bastola hizo, ziliwekwa kifyatulio kizito, zaidi ya kilo tano, karibu mara mbili ya kile cha kawaida, ili mtu asifyatue kwa kushtuka. Kwa hiyo uchaguzi wao una uzio. FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, nao mwaka 2016 wakachagua bastola za kampuni moja kwa ajili ya watu wao wote. Kila upande una akili yake: mkono mdogo hauwezi mpini mnene, na magazini zikiwa aina moja mwenzako anaweza kukurushia yake wakati wa shida. Sisi hatuna faida ya upande wowote. Sichagui, na wala sipewi kitu kimoja.

Kwa hasira ile ya ghalani nilikuwa tayari kuandika: kila mlinzi awe na bastola yake, aichague, aitunze, alale nayo. Nilishaliandika, nimelifuta. Mei 2023 nilikuwa mjini hapahapa. Waziri wa nchi Charles Okello Engola aliuawa nyumbani kwake na mlinzi wake mwenyewe, mwanajeshi. Siku chache baadaye askari polisi aliyekuwa amezuiwa kupewa silaha kwa sababu ya historia ya maradhi ya akili alichukua bunduki ya mwenzake, akaenda kumuua mkopeshaji fedha ofisini kwake. Baada ya hapo hata majirani zangu walikuwa wananiangalia hivi. Basi bastola irudi ghalani kila jioni, sina ubishi. Mwenye ghala ana kazi ya maana, na mwenye ghala mkali ni bora kuliko mlegevu.

Lakini yule si mkali! Mkali angesoma namba. Mkali angejaribu kibano kwa dole gumba kabla ya kunipa. Yule ana dharau tu. Ninachodai ni kidogo mno: bastola moja yenye namba moja, na jina langu mbele yake kitabuni, ileile kila asubuhi. Iwe Makarov ya zamani kuliko baba yangu, nitaizoea. Nipeni niifyatue uwanjani mara chache nijue inavuta wapi, ndipo mnipeleke Kikuubo na fedha za watu.

Nilikusudia kutoa nyota mbili kati ya tano, kwa kuwa walau risasi huwa kamili na mikoba ya kiunoni ni mipya. Nikiwa naandika, msimamizi amenipigia simu: niache kununa, bastola imetengenezwa. Nikauliza na nani. Mwenye ghala mwenyewe. Kafanyaje, kabadilisha kibano?

"Hapana, ameifunga mpira wa tyubu ya boda boda, imekaza sana."

Nyota moja.