Leza ya vidonda vya mdomoni: maumivu yanakata kweli, ila usipande basi kwa ajili yake

Wenzangu wa vidonda vya mdomoni vya kila mara, vile vyeupe vyenye duara jekundu, kikikaa kwenye ulimi hata kumeza mate ni shughuli, hii inawahusu. Mi niko Mtwara, nilikuwa Dar kwa mambo yangu vikanitoka, dada akaniambia kuna dokta wa meno ana leza nenda kajaribu. Nikaenda moyo unadunda nikijua nakwenda kuunguzwa.

Wala. Unavaa miwani ya kukinga macho, dokta naye anavaa yake, afu ana kitu kama kalamu anakizungusha juu ya kidonda, ganzi hamna, yani nilisikia kajoto tu basi. Kumbe leza zenyewe zina nguvu tofauti, ipo ya kukatia nyama na hii ndogo ya kutuliza maumivu na uvimbe. Dakika chache nimemaliza, na jioni hiyo hiyo nikala chipsi mayai na pilipili juu, aisee!

Sasa tuje kwenye hela. Bei si ya kitoto na bima yangu waligoma. Na leza haizuii vingine kutoka, mi vimerudi vizuri tu msimu wa mabibo. Afu vile vidogo hupona vyenyewe ndani ya wiki moja mpaka mbili, kwahiyo unacholipia ni siku chache za kula kwa amani. Ukiwa Dar tayari na kinakutesa, fanya. Ila kutoka huku, kilomita zaidi ya 500, ukishuka Mbagala si ajabu kidonda nacho kinaaga.

Kilichonikosha kuliko leza ni dokta mwenyewe, aliuliza maswali mpaka kama macho yanakuwa mekundu au napata vidonda sehemu za siri, akaniandikia kipimo cha damu cha madini ya chuma, foliki asidi na vitamini B12 maana vikipungua vinaweza kuleta haya mambo. Akanibadilishia na dawa ya meno, nitumie isiyo na SLS, ile inayoleta povu jingi. Na akasisitiza kidonda kikipita wiki tatu hakijapona, hicho si cha kutafutia leza, kikaangaliwe hospitali, kwa sisi wa Mtwara mjini hospitali ya Ligula si ipo.

Mapokezi wachangamfu ila foleni yao mh, na kuna siku mashine inakuwa haipo, kwahiyo pigeni simu kwanza.