Tahadhari: anauza cheni, pedi za breki na foki za baiskeli za mlimani, na anatumia jina langu kama dhamana

Wadau wa baiskeli za mlimani, kuna muuzaji wa vipuri mtandaoni ambaye akiona mteja anasita humwambia, "Muulize fundi wako, yeye ndiye anayevifunga." Fundi anayesemwa hapo ni mimi. Sijawahi kumthibitishia mtu huyu hata nati moja. Ila siwezi kuapa kwamba sijawahi kufunga kitu chake, na kwa kuwa aibu hiyo ni yangu, naanza nayo.

Simtaji jina kwa sababu halitawasaidia. Tangu nianze kumfuatilia amebadilisha jina la akaunti mara tatu, huku picha zikiwa zilezile na maneno yaleyale: "jenuini, zimebaki mbili, kuna mtu yuko njiani kuja kuchukua." Bora niwaeleze mkono wake, kwa maana huo hajaubadilisha.

Mteja wangu wa siku nyingi aliniletea cheni ya gia 12 ikiwa kwenye boksi lake, imefungwa nailoni, stika inang'aa. Siku hiyo nilikuwa na baiskeli nne zinanisubiri. Nikakata urefu, nikafunga, nikapitisha gia zote, ikacheza vizuri, akaondoka. Wiki ya pili akarudi anachechemea. Alikuwa anapanda mlima amesimama juu ya pedeli, cheni ikakatika, goti likaenda kupiga stemu, kile kipande kinachoshika usukani. Cheni ikikatika unashuka, umepoteza mwendo tu. Ikikatika unapanda, uzito wako wote ulikuwa umeuweka juu yake, na unajikuta chini kabla hujajua kimetokea nini.

Jioni ile nilikaa na vile vipande nikavilinganisha na cheni jenuini ya aina hiyohiyo. Kwenye ile jenuini, vichwa vya pini vimegongwa sawasawa kimoja baada ya kingine, kama mishono ya cherehani. Kwenye ile ya jamaa, pini moja imechomoza, ya pili imezama, ya tatu imekaa upande. Bamba la nje lilikuwa limepasuka palepale pini inapopita. Chapa ya kampuni ipo, lakini imekwaruzwa juujuu, hata ukucha hauihisi. Na ile loki ya cheni, ambayo kwa kawaida naifungua kwa koleo na huku nanung'unika, ilifunguka kwa vidole viwili. Mambo yote hayo ningeyaona kwa dakika moja kabla ya kuifunga. Sikutazama. Nililiamini boksi.

Baada ya hapo nilinunua cheni nyingine kwake kwa jina la ndugu yangu, nione. Hii haikuwa feki. Ilikuwa jenuini kabisa, ila imeshatumika, ikaoshwa kwa petroli na kurudishwa kwenye boksi. Kipimo kiliiumbua. Nafasi kutoka pini moja hadi inayofuata ni milimita 12.7, kwa hiyo ukihesabu nafasi 24 unatakiwa upate milimita 304.8. Cheni "mpya" ilinisomea zaidi ya 306. Kwa gia 11 na 12 tunaitupa cheni ikishavutika asilimia 0.5, yaani inapokaribia 306.3, za gia 9 na 10 huvumilia mpaka asilimia 0.75. Kwa hiyo mtu analipia cheni mpya anapewa iliyobakiza siku chache za kuishi, na ikiachwa inaanza kula meno ya kaseti, yale magia ya gurudumu la nyuma, ambayo ndiyo yenye bei. Rula ndefu ya chuma inatosha kwa kipimo hiki. Nyoosha cheni, isiwe imelegea, soma.

Sasa breki, na hapa ndipo sina mzaha.

Pedi zake zinakuja katika pakiti nzuri kuliko hata za kiwandani. Nimezitoa kwenye baiskeli za watu watatu. Mbili, ile sehemu inayosugua ilikuwa imeanza kubanduka kwenye bamba lake la chuma, kama plasta iliyolowa maji. Ya tatu ilishabanduka yote na chuma kinasaga diski, diski imegeuka rangi ya bluu kwa joto. Watu wengi hawajui breki ya kushukia mlima inazalisha joto kiasi gani. Wale vijana wa Marin, California, walioanza kushindana kushuka milima kwa baiskeli nzito za zamani mwaka 1976, walitumia breki ya kitovuni, ile ya kukanyaga pedeli kinyume. Wakifika chini grisi imeungua yote inatoa moshi, inabidi kitovu kifunguliwe kipakwe upya. Mbio zenyewe zikaitwa Repack, yaani kupakia upya, kwa sababu hiyo. Sisi tuna diski leo, lakini joto ni lilelile, na kilichobandikwa kwa gundi ya ovyo hakilimudu.

Ana ujanja mwingine kwenye pedi, na huu hauhitaji hata feki. Anamshawishi kila mtu achukue pedi za chuma, eti ndizo za "waendeshaji wa kweli". Diski nyingi za bei ya chini zimeandikwa kabisa juu yake kwamba ni za pedi za rezini pekee. Ukiziwekea pedi za chuma, diski inalika haraka, na baada ya muda unarudi kwake kununua diski. Soma maandishi ya diski yako kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, nikiwemo mimi. Unene nao upimwe: diski nyingi za Shimano zilizoanza na milimita 1.8 zinatakiwa kutolewa zikifika 1.5. Pedi ikibakiza nusu milimita ya kusugulia, imekwisha, usiibembeleze.

Halafu kuna kile kichupa. Akikuuzia pedi anakuongezea kichupa kidogo cha oili, "zawadi, inaingia breki zote". Hakuna oili inayoingia breki zote. Shimano na Magura wanatumia mafuta ya madini. SRAM kwa miaka mingi wametumia DOT, oili ya breki kama ya magari, na baadhi ya breki zao mpya zimehamia mafuta ya madini, kwa hiyo hata jina la kampuni peke yake halitoshi. Kawaida aina ya oili imeandikwa kwenye mkono wa breki au kwenye kifuniko cha tangi lake. Ukikosea, oilsili (zile mpira za kuzuia oili isitoke) zinavimba, pistoni zinakwama, na breki inaweza kung'ang'ania diski au mkono ukaenda mpaka kwenye usukani bila kushika kitu. Nimeshaitupa breki nzima kwa sababu ya kichupa cha zawadi, maana oilsili zikishavimba hakuna kuosha kutakakozirudisha. Na wale mnaojua mambo ya DOT, angalieni namba: DOT 5 si kaka wa 5.1. Ile 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine, na breki za baiskeli za DOT zinataka 4 au 5.1.

Foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ndiyo iliyonifanya niandike. Dada mmoja alinunua kwake foki ya hewa "imetoka sevisi jana". Aliilipia yote kabla ya kuiona, kwa sababu kulikuwa na yule mtu wa siku zote aliyeko njiani. Kwa nje inavutia, imepigwa polishi. Nilipopitisha ukucha kwenye bomba la juu la foki, lile linalozama ndani ya mguu wa chini, nikahisi kitu laini ambacho hakikupaswa kuwa laini: mchubuko mrefu uliojazwa rangi ya kucha na kusuguliwa. Mchubuko wa namna hiyo unakata oilsili kila foki inapobonyea, oili inatoka, vumbi linaingia. Nikafungua miguu ya chini. Foki iliyofanyiwa sevisi ukilegeza bolti za chini inakutemea mililita chache za oili safi, na sponji zake za juu zimelowa. Hii haikutoa hata tone. Ndani kulikuwa na grisi nzito ya beringi za magurudumu ya gari, imepakwa ili bonyeza ya kwanza mkononi ihisi laini. Huduma hiyo ndogo ya miguu ya chini RockShox wanaipangia kila saa 50 za kuendesha, na si kazi ngumu. Mtu aliyeifanya kweli anakuonyesha hata oili chafu aliyoitoa, tunajisifia vitu kama hivyo.

Lakini siyo grisi iliyonitisha. Ni shingo. Shingo ya foki, lile bomba linalopanda ndani ya fremu mpaka kwenye stemu, ilikuwa imekatwa fupi kwa ajili ya fremu ndogo, na huyu dada fremu yake ni kubwa. Badala ya kusema haitafaa, jamaa alimpa stemu "ya bure" na kifuniko, akamwelekeza namna ya kufunga. Stemu ilikuwa imeikamata shingo kwa bolti moja tu ya chini. Ya juu inabana hewa. Kwa nje huoni chochote, kifuniko kimekaa vizuri. Shingo inatakiwa ipite ndani ya stemu yote, iishie milimita 2 au 3 tu chini ya ukingo wake wa juu. Alikuwa ameshaendesha hivyo siku sita.

Usukani wa kaboni anaouza sikuupata mkononi, kwa hiyo siusemei. Maoni yangu juu ya kaboni iliyotumika kutoka kwa mtu usiyemjua ni mafupi: hapana. Alumini ikianguka mara nyingi inapinda ukaona. Kaboni inaweza kuficha ufa ndani na kuvunjika siku nyingine kabisa. Mimi mwenyewe naendesha usukani wa alumini, na wanaonicheka wanacheka tu.

Nilimpigia simu. Kwanza alisema mafundi ndio wanaoharibu vitu vyake kwa kukaza kupita kiasi. Nilipomtajia rangi ya kucha akanyamaza kidogo, kisha akasema nimpelekee wateja atanikatia changu. Nadhani kuna mafundi waliokubali. Ukiona fundi anakung'ang'aniza ununue kwa mtu mmoja tu, tena kwa simu, na hataki kipuri kipimwe mbele yako, uliza.

Ukitaka kumjua kabla hujatoa hela, mwombe picha ya kipuri kikiwa juu ya mizani, au cheni ikiwa imelazwa kando ya rula. Muuzaji wa kweli atakuona msumbufu na atakutumia. Huyu atakujibu kuwa boksi likifunguliwa hawezi kulirudisha, na neno hilohilo ndilo atakalokujibu baadaye ukimrudishia: umeshafungua boksi. Ndiyo maana anapenda sana maboksi. Na hakutani nawe mahali anapouzia, kila siku "amehama", mtaonana barabarani au atakutumia kwa dereva.

Kwa waliokwisha kununua: cheni ile itoeni, hata kama inacheza vizuri, ya mteja wangu nayo ilicheza vizuri. Pedi zitoeni mzitazame kwa ubavu, penye mshono wa bamba. Kichupa cha oili msikimimine kwenye breki, na kama kimeshaingia msiendeshe mpaka ijulikane ni nini. Yule mwenye goti nilimfungia cheni nyingine kwa gharama yangu, nami nimeacha kufunga kipuri cha mteja bila kukipima mbele yake, hata foleni iwe ndefu vipi. Na aliyenunua foki kwake akapewa na stemu ya bure, asishuke nayo mlima leo. Fungua kifuniko cha juu, chungulia shingo imeishia wapi; spana ni moja na kazi ni ya dakika mbili.