Fainali ya ndondo Uyole: kiingilio cha buku kimelipa, kiti cha elfu tatu hapana

Kiingilio cha fainali hii ya ndondo, mpira wa timu za mitaa, hapa Uyole, Mbeya, kilikuwa cha aina mbili: buku (elfu moja) mzunguko, yaani unasimama popote nyuma ya kamba, na elfu tatu kiti cha plastiki chini ya turubai, jirani na meza ya mgeni rasmi. Mimi na shemeji yangu tulikata vya elfu tatu. Kwa anayefikiria kwenda mwakani, kaa na buku yako. Nguzo ya turubai iko mbele ya macho, spika ziko mgongoni, na wale jamaa wa itifaki wanapita mbele yako kila mpira unapokaribia goli. Kipindi cha pili tuliviacha viti tukaenda kusimama nyuma ya goli na wenzetu, na hapo ndipo tulipoanza kuangalia mpira.

Ilikuwa fainali ya kombe la mtoano la timu za mitaa, kwenye uwanja wa shule ya msingi, si mbali na njia panda ya Tukuyu. Vijana wa bodaboda dhidi ya vijana wa sokoni. Mwezi wa saba huo, na wanaoijua Uyole ya mwezi wa saba hawahitaji kuelezwa: jua linawaka lakini upepo unapenya mpaka kwenye mifupa, na vumbi linakufuata hadi ndani ya kikombe cha chai. Njoo na koti. Chai ya tangawizi ipo, mahindi ya kuchoma yapo, karanga zipo. Choo ni kimoja, kile cha wanafunzi, na foleni ya akina mama ilikuwa ndefu kuliko ya getini. Hilo waandaaji walione.

Tangazo lilisema saa tisa na nusu. Mpira ulianza saa kumi na moja kasoro robo, sababu mgeni rasmi alikuwa "yuko njiani". MC akajaza muda kwa kutusomea orodha ya waliochangia jezi, mipira, ng'ombe wa bingwa na mbuzi wa mshindi wa pili, kisha akairudia yote kana kwamba tumeomba. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye mti pale pembeni, na kusema kweli ndiye aliyekuwa na subira kutuzidi.

Sokoni hawakupita getini. Walizunguka nyuma ya jiko la shule, wakaruka uzio mmoja mmoja, na uwanja mzima ukapiga kelele: "Kamati ya ufundi hiyo!" Ndilo jina la utani la waganga wa timu. Nani aliwaelekeza wapite huko, kila mtu alikuwa na jibu lake.

Sasa mpira. Matangazo yote yalipambwa na mamluki: kanuni za kombe ziliruhusu kila timu kusajili wachezaji watatu kutoka ligi za juu, na bodaboda walileta kiungo anayecheza Championship, ligi ya daraja la pili nchini. Nilimwangalia kwa makini, maana nilikuwa nimelipia na yeye. Anajua mpira, hilo sibishi. Pasi zake zilikwenda miguuni hata kwenye udongo ule unaoteremka kuelekea barabarani. Lakini kila mpira wa hamsini kwa hamsini ulipokuja, aliruka pembeni. Ana mkataba, ana goti la kulinda, na ile ardhi ina mawe. Simlaumu. Ila anayestahili kiingilio chako ni yule kijana mwembamba wa sokoni, winga wa kulia, ambaye siku za kawaida utamkuta anapakua matenga ya nyanya. Alimpiga beki tobo mbele yetu, mpira ukapita katikati ya miguu, akamsubiri ageuke, akampiga tena. Goli la sokoni lilitoka kwenye krosi yake. Waandaaji wakipunguza mamluki wabaki na mmoja, au wakiwafuta kabisa, hawatapoteza mtazamaji hata mmoja. Watu walikuja kuwatazama majirani zao.

Bodaboda wakasawazisha kwa kona, upepo ukiwa umewasaidia nusu ya kazi. Moja moja mpaka filimbi ya mwisho.

Nyuma ya goli kulikuwa na mzee mmoja aliyevaa koti la mvua, akanigeukia. "Mwanangu, nyie mmezaliwa mmechelewa. Tukuyu Stars sisi tuliwaona. Wamepanda daraja, 1986, wakabeba ubingwa wa ligi msimu wao wa kwanza. Banyambala hao!" Nikamwambia shikamoo kwanza, mzee, maana hata salamu tulikuwa hatujapeana. Nikamkumbusha Mbeya City waliomaliza nafasi ya tatu walipopanda, msimu wa 2013/14. Akasema ya tatu si ubingwa. Shemeji, ambaye ni wa Iringa, akaingiza Lipuli yake: 2019, fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, mechi moja tu kabla ya kwenda kucheza mashindano ya Afrika, wakafungwa 1-0 na Azam kule Lindi. Kipigo kile bado kinamuuma. Kwenye ligi ukifungwa leo wiki ijayo unajitetea. Mtoano ukikutupa, unarudi nyumbani na jezi yako.

Kanuni za soka zinawaachia waandaaji kuchagua: dakika za nyongeza, vipindi viwili visivyozidi dakika 15 kila kimoja, au moja kwa moja kwenye matuta, yaani penalti. Hapa waliandika matuta, na ni bahati, maana saa kumi na mbili na nusu ilikuwa imepita na giza lilikuwa linaingia. Refa hakurusha sarafu ya kuchagua goli. Alichagua lile la upande wa barabara kwa sababu ya mwanga, na haki hiyo anayo. Kisha waendesha bodaboda wakaleta pikipiki zao, wakazipanga pembeni ya boksi, taa zikawaka. Wazo zuri. Tatizo likaonekana tuta la pili: sokoni wanapopiga, taa zinafifia, bodaboda wanapopiga, kunakuwa mchana. Kapteni wa sokoni akauchukua mpira, akaukalia.

Ubishi ule ulikuwa mzuri kuliko kipindi chote cha kwanza. Refa, kijana mdogo mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, aliwaita mgambo, kila pikipiki ikashikwa na mtu asiye wa timu yoyote, taa zote ziwake mpaka mwisho, na tuta lililopigwa gizani likarudiwa. Mimi ningempa yeye ile bahasha ya mgeni rasmi. Sokoni wakashinda 4-3, kipa wao akilizuia la mwisho kwa goti. Aliyekosa ni yule wa Championship.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa kuchelewa, maana mechi ikianza saa tisa na nusu kweli, hakuna anayehitaji taa ya pikipiki. Na usafiri: ukitoka giza limeingia, daladala za kwenda Mwanjelwa zinajaa pale pale njia panda, na bodaboda usiku ule hawakutaka kubeba mtu. Walikuwa wamekaa kimya wamezunguka mbuzi wao.