Mfereji wa Rideau, Ottawa: barafu iliyokuwa mshenga wetu

Kila mwezi wa Desemba unapokaribia kwisha, wageni waliohamia Ottawa, mji mkuu wa Kanada, kutoka Dar es Salaam, Bujumbura au Bukavu huniuliza swali moja: je, ile njia ya barafu ya Mfereji wa Rideau inafaa kuendewa, au ni mambo ya wenyeji waliozaliwa na baridi mifupani? Nimekuwa nikiwajibu kwa maneno machache, lakini jibu la haki linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu mfereji huo ndio mahali nilipokutana kwa bahati na mtu ambaye leo ni mume wangu, na siwezi kuueleza uwanja ule kana kwamba jambo hilo halikutokea.

Mfereji wenyewe ulijengwa kati ya mwaka 1826 na 1832, una urefu wa kilomita 202 kutoka Ottawa hadi Kingston, na mwaka 2007 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wakati wa joto hupita mashua. Ifikapo vuli maji hupunguzwa, na baridi inapokaza, kilomita 7.8 zinazokatiza jijini, kuanzia karibu na majengo ya Bunge, kupitia ziwa la Dows Lake, hadi kwenye malango ya maji ya Hartwells, hugeuzwa kuwa uwanja wa kuteleza kwa viatu vyenye ubapa wa chuma chini. Desturi hii ilianza Januari 1971, wafanyakazi waliposafisha kipande kidogo cha barafu karibu na jumba la taifa la sanaa kwa mafagio na makoleo. Siku hizi kazi hufanywa kwa mashine, na usiku maji hupigwa kwa pampu juu ya barafu ili uso wake ulainike kabla ya asubuhi. Hakuna kiingilio wala tiketi, na hali ya hewa ikiruhusu, njia hubaki wazi usiku na mchana.

Sifa ninayoithamini kuliko zote ni kwamba uwanja huu ni barabara. Katika viwanja vya ndani watu huzunguka duara moja kwa saa waliyoilipia, kila kundi na wenzake, kisha hutoka kama walivyoingia. Kwenye mfereji unakutana na mtumishi wa ofisi aliyebeba mkoba anayekwenda kazini, wanafunzi wanaorudi kutoka darasani, mzee aliyeshika mikono nyuma anayeteleza taratibu kana kwamba anatembea shambani kwake, na watoto wanaojifunza huku wakilia na kucheka kwa pamoja. Basi la jiji hilihili, ambamo abiria hukaa nusu saa bila kutazamana, huwaacha watu wakiwa wageni. Barafu haiwaachi, kwa sababu kila aliye juu yake anajua kwamba anaweza kuanguka wakati wowote, na anayeanguka huinuliwa na aliye karibu, awe nani.

Mimi nilianguka Januari 2019, siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni, mita chache kabla ya daraja la Bank Street. Nilikuwa nimeingia kwa upande wa Fifth Avenue nikielekea Dows Lake, peke yangu, katika mwaka wangu wa kwanza nchini Kanada. Baridi ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu ya asili hupasuka nyufa kadiri baridi inavyozidi na kupungua, na chuma cha kiatu changu cha kushoto kilizama katika ufa mmoja; nikaenda chini kwa magoti na viganja, nikapiga ukelele nilioujua tangu utoto wangu wa Tanga: “Mama yangu wee!” Watu wawili walisimama na kuniuliza kwa Kiingereza kama nimeumia. Kutoka upande wa pili wa njia, ambako watu hupita wakielekea mjini, nilisikia sauti ikisema, “Pole, dada. Usiamuke mbio, pumuzika kwanza.”

Nilimwelewa mara moja, ingawa nyumbani tungesema nisiinuke haraka. Alikuwa mtu wa Bukavu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carleton kilicho upande wa kusini wa mfereji, na alikuwa anarudi nyumbani kwa njia ileile aliyoipita kila Jumanne na Alhamisi baada ya kipindi cha jioni. Alikuwa amevuka njia nzima kwa sababu ya maneno matatu ya Kiswahili. Alinishika kiwiko, akanipeleka hadi kwenye benchi pembezoni, akapiga goti moja na kutazama viatu vyangu kwa makini kabla ya kunitazama usoni.

Hapa sina budi kuzungumzia viatu, kwa kuwa ndilo eneo ambalo mgeni anaweza kuharibikiwa siku yake yote. Vibanda vya kukodisha vipo kandokando ya mfereji, na mtu asiye na viatu vyake hana sababu ya kukata tamaa. Hata hivyo, kibanda nilikokodi mimi siku ile, ambacho sitakitaja, kilinipa viatu vilivyozidi mguu wangu kwa namba moja, chuma chake kikiwa butu, na kijana aliyenihudumia hakunieleza chochote kuhusu kuvifunga. Nilikuwa nimevifunga kama viatu vya shule, kwa fundo moja juu. Mwenzangu yule alifungua kamba zote, akazivuta upya kutoka chini, akanieleza kwa utulivu: vidoleni zilegee ili damu ipite na mguu usigande, kwenye kifundo zikaze kabisa, na juu ziachiwe nafasi kidogo ili goti liweze kukunjwa. Nilisimama, na kwa mara ya kwanza miguu yangu haikupinda kwa ndani. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uombe viatu vinavyokubana kiasi, upitishe ukucha juu ya chuma uone kama kina makali, na umwombe mwenye uzoefu akufungie mara ya kwanza. Usione haya. Mimi nisingeona haya, ningalivifunga vizuri, na pengine nisingeanguka. Lakini hilo nalisema kwa shukrani, wala si kwa majuto.

Chakula kinachouzwa juu ya barafu ni kichache na kinatosha. Kinachojulikana zaidi ni mkate bapa wa kukaangwa wa BeaverTails, biashara iliyoanzia upande wa Killaloe, Ontario, mwaka 1978, na iliyochukua jina lake kutokana na umbo la mkia wa beaver, mnyama wa mitoni wa nchi hii. Unga wake umekandwa kwa chachu, na mtu yeyote wa pwani atakayeutafuna akiwa amefumba macho atafikiri juu ya mahamri, ila huu ni mpana kama kiganja cha mtu mzima na hunyunyiziwa sukari na mdalasini ukiwa bado unatoa mvuke. Agiza ule wa sukari, mdalasini na limau la kukamuliwa. Ile iliyopakwa chokoleti na pipi ni mitamu kupita kiasi, na hupoa kabla hujaimaliza. Jioni ile tuligawana mmoja. Alinipa nusu kubwa, akasema kwamba aliyeanguka ndiye mgonjwa na mgonjwa hulishwa, na tukala tumesimama, tukizungumza juu ya Ziwa Kivu na Bahari ya Hindi, huku mvuke wa pumzi zetu ukichanganyika na ule wa mkate.

Hatukupeana namba za simu. Mimi nilisitahi, naye, kama alivyokuja kuniambia baadaye, alidhani mtu akiomba namba baada ya kumwinua mtu ataonekana alimwinua kwa sababu hiyo. Alisema tu kwamba Alhamisi angepita tena.

Lakini hewa ilibadilika, mvua ikanyesha juu ya theluji, na Alhamisi nilipofika Fifth Avenue nilikuta bendera nyekundu. Yeyote anayekusudia kuja lazima aelewe utaratibu huu: bendera ya kijani maana yake njia iko wazi, na nyekundu maana yake usiikanyage, hata kama kwa macho yako inaonekana imara. Kabla ya kufunguliwa kwa msimu, barafu nzuri inatakiwa ifikie unene wa sentimita 30, na hata baada ya hapo siku chache za joto hutosha kuifunga. Wapo wanaoulaumu uwanja kwa kutotabirika. Binafsi naona kuna uaminifu mkubwa katika mamlaka inayokataa kufungua kitu kisicho salama ilhali jiji zima linasubiri. Kwa siku kadhaa nilipita pale baada ya kazi, nikaiangalia bendera na kurudi nyumbani, nikijua kwamba naye siku hizo alikuwa anapanda basi kupitia njia nisiyoijua. Jioni iliporudi kijani, ilikuwa Jumanne. Niliingia mapema, nikateleza polepole hadi darajani, na nilimkuta kwenye benchi lile, viatu vyake mwenyewe havijafungwa, akitazama upande ninakotoka.

Nilipompigia simu mama Tanga, aliniuliza kama mzazi yeyote wa kwetu angeuliza: “Huyo kijana mmejulishwa na nani?” Nilimjibu kwamba hatukujulishwa na mtu, niliangukia mbele yake juu ya barafu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama niliumia, kisha akasema, “Basi hiyo barafu ndiyo mshenga wenu, na mtu hamtupi mshenga wake.” Tumelishika neno hilo. Katika majira ya baridi ya 2022–23 njia haikufunguliwa hata siku moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ilipoanzishwa, na mwaka uliofuata ilifunguliwa kwa siku chache sana. Jumanne za msimu ule usio na barafu tulitembea kwa miguu kandokando ya mfereji, tukiyatazama maji meusi yaliyofunikwa utando mwembamba, na niliona watu wengine, wengi kuliko nilivyotarajia, wakifanya vivyo hivyo, wakisimama kwenye madaraja kama waliofika kumjulia hali mgonjwa. Mwaka 2025 barafu ilirudi. Sitasahau siku tulipoikanyaga tena.

Kwa anayetaka kupanga safari, jioni za siku za kazi ndizo bora. Jumamosi na Jumapili, hasa wakati wa tamasha la Winterlude mwezi Februari, sehemu ya kaskazini kuelekea katikati ya jiji husongamana mno kwa anayejifunza. Dows Lake ni pana na inapendeza machoni, lakini upepo wake hauna kizuizi, na mgeni asiyejifunika uso atajuta ndani ya dakika kumi. Anzia Fifth Avenue: hapo kuna mahali pa kubadilishia viatu, chakula kipo karibu, na ukichoka unatoka bila kulazimika kuteleza kilomita nyingine mbili. Vaa soksi moja nzito badala ya mbili, na glavu usizivue, maana viganja ndivyo vitakavyotangulia kugusa barafu. Ukiona mtu ameanguka, vuka njia.

Bendera ya kijani imepandishwa tena juzi. Mume wangu ana viatu vyake vilevile vya zamani, mimi nimenunua vyangu vinavyonitosha, na kamba bado ananifungia yeye, vidoleni zikilegea na kwenye kifundo zikikaza, ingawa sasa najua kuzifunga mwenyewe.