Ryzen 5 5600G na mazabodi ya A520 katika duka la steshenari, Tabora

Kwa miezi minane kompyuta hii imefanya kazi katika duka langu la steshenari mjini Tabora: kuchapa barua, kutengeneza picha za pasipoti, kusanifu kadi za harusi na, msimu wa maombi ya vyuo unapowadia, kuhudumia foleni ya wanafunzi wanaoomba mkopo. Fedha niliyokuwa nayo haikutosha kununua prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya grafiki (inayotoa picha kwenye skrini) kwa pamoja, hivyo nilitafuta prosesa yenye grafiki ndani yake. Zilizobaki mezani zilikuwa mbili, Intel Core i3-12100 ya mwaka 2022 na AMD Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, nami nikachukua ya pili.

Hapa mnunuzi aangalie herufi ya mwisho kwa makini. Kwa AMD ya kizazi hicho, herufi G ndiyo inayoashiria grafiki, na Ryzen 5 5600 isiyo na G haitoi picha bila kadi. Kwa Intel mambo yamegeuka, kwani i3-12100F ndiyo iliyonyimwa grafiki, na mara nyingi ndiyo inayosifiwa dukani kwa urahisi wa bei.

Prosesa yenyewe sina la kuilaumu. Ina kore 6 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 12 (kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja), inakuja na feni yake, na matumizi yake yamekadiriwa kuwa wati 65, jambo lenye uzito kwetu kwa sababu umeme unapokatika katikati ya kazi, UPS yangu ndogo (betri ya akiba) hunipa muda wa kuhifadhi faili na kuzima kwa utaratibu. Kwa kuwa grafiki yake hukopa RAM (kumbukumbu ya muda) ya kompyuta, nilifunga vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, ili njia zote mbili za kumbukumbu zifanye kazi. Anayefunga kipande kimoja ataiona tofauti hasa kwenye michezo na video.

Mazabodi, ubao mkuu unaobeba prosesa na vifaa vingine, ndiyo iliyonitoa jasho. Niliagiza kutoka Dar es Salaam, mzigo ukaja kwa basi, nikafunga kila kitu, feni ikazunguka na skrini ikabaki nyeusi. Nilibadilisha RAM, nikabadilisha waya, nikaanza hata kumshuku kondakta. Kumbe mazabodi za A520 zilitoka mwaka 2020, kabla ya prosesa hii, na yangu ilikuwa bado na BIOS (programu ya kuiwasha kompyuta) ya zamani isiyoitambua, ingawa soketi ya AM4, yaani tundu la prosesa, ni ileile na prosesa ilikaa bila shida. Muuzaji alitaka niirudishe kwa nauli yangu. Fundi mmoja hapa mjini aliniokoa kwa kuazima Ryzen ya zamani, akaiwasha na kusasisha BIOS kwa flashi. Anayeagiza kutoka mbali amtake muuzaji aiwashe mazabodi hiyo pamoja na prosesa hiyohiyo na kumtumia video kabla ya kufunga mzigo.

Baada ya hapo haijanisumbua. Wapo walionishauri mazabodi ya B550, lakini 5600G inaishia PCIe 3.0 (toleo la njia ya kuunganisha kadi na diski), kwa hiyo PCIe 4.0 ya B550 ningeilipia bure. A520 hairuhusu kuipandisha prosesa mwendo, nami kwa joto la Oktoba na vumbi la kiangazi sina hamu hiyo. Kila mwezi naipuliza feni, inatosha.

Kasoro ya kweli ni kwamba AMD ilihamia soketi ya AM5 mwaka 2022, hivyo njia ya kupanda kutoka hapa hadi prosesa mpya zaidi ni fupi, ilhali mazabodi ya H610 ya Intel, BIOS yake ikisasishwa, hupokea prosesa hadi za kizazi cha 14. Jirani yangu, ambaye kazi yake ni kuchapa barua na hesabu tu, nilimwelekeza kwenye i3-12100 na H610 ya RAM aina ya DDR4, na ameridhika nayo.