Sululu wangu, wameandika jina la kiongozi: mwaka wangu na klabu ya ndege Norfolk

Nilijiunga na klabu ya kutazama ndege huku Norfolk, Uingereza, kwa sababu ya upweke, nisiwadanganye. Matembezi ni Jumapili moja moja, kuanzia majani yanapoanza kupukutika mpaka baridi inapokatika, maana ndio wakati pwani hii inajaa ndege. Ada na ratiba mtazitafuta wenyewe. Mimi nimekuja kusema habari ya sululu, yule ndege wa pwani.

Yalikuwa matembezi yangu ya kwanza, au ya pili, Septemba ikielekea ukingoni. Tumesimama kando ya ghuba ya The Wash, maji yamekupwa, tope tupu mpaka jicho linapochoka. Mimi mtoto wa Tanga. Tope la namna hiyo nimelikanyaga kabla sijajua kusoma, nikimfuata mama na kikapu chake cha chaza. Mara nikasikia mluzi nyuma yetu: ti-ti-ti-ti-ti-ti-ti. Saba, za harakaharaka, zote sauti moja. Kwetu huyo ni sululu, hata mtoto anamjua. Waingereza wanao wawili: mkubwa wanamwita curlew, huyu mdogo ni whimbrel, na hapa kwao anapita njia tu akishuka Afrika. Nikasema kwa furaha, "Whimbrel yule!"

Kiongozi wetu, mzee mwenye kofia ya sufu na darubini ya miguu mitatu, hakugeuza hata shingo. "Hapana, hao ni curlew," akasema, kwa ile sauti ya upole wanayowasemeza watoto na wagonjwa. "Usijali, utazoea."

Utazoea! Mimi, sululu!

Haikupita hata dakika tano. Kainama kwenye darubini yake, kanyanyuka uso umemng'aa: "Whimbrel! Tazameni mistari ya utosini, na mdomo ule, mfupi, umepinda kuelekea ncha." Watu wakapanga foleni kuchungulia, mmoja akampigapiga begani kumpongeza. Na mimi nikapanga foleni, nikamtazame ndege wangu kwa hisani yake. Mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alipona haswa.

Tangu hapo kila kitu chao kikawa kinanikera. Kunong'ona kwao kwenye vile vibanda vya mbao, watu wazima kama wako msibani. Kuchangia petroli mpaka senti ya mwisho. Choo hakuna, na mtu umevaa suruali tatu. Chai ya chupa yenye ladha ya supu ya juzi. Labda chai haikuwa mbaya kiasi hicho, ila niliinywa na hasira.

Ningewapa nyota moja nikalala, kama si siku ile ya Snettisham, hapo hapo kando ya The Wash. Novemba, mwezi mwandamo, yaani bamvua, maji kujaa kupita kawaida, na bamvua la asubuhi huko linafunika tope lote. Tulifika giza bado. Kwanza wakaja bata bukini kutoka kule walikolala majini, wale wa Iceland na Greenland wenye miguu ya waridi, safu juu ya safu wakienda mashambani kula masalia ya viazisukari, kelele zao utadhani soko linahama. Halafu maji yakawafukuza vitwitwi. Wanaitwa knot, kijivu, wanene, maelfu kwa maelfu. Walinyanyuka pamoja kama shuka linalokung'utwa: upande huu weusi, wakigeuka weupe, kisha wakatupitia vichwani, na sikusikia mlio, nilisikia mbawa tu, kama mvua inayokuja juu ya makuti. Nililia, jamani. Bibi mmoja wa klabu, ambaye hatukuwahi kusemezana zaidi ya habari za asubuhi, akavua glavu zake akanivisha bila neno.

Nikasema basi, nimewasamehe, nyota tano.

Kisha ikatoka taarifa ya msimu. Orodha ya ndege wote, tarehe, mahali, na aliyemwona wa kwanza. Whimbrel mmoja. Jina la mzee. Nikamwandikia barua pepe ya adabu, nikianza na kumshukuru kwa kazi yake ya kujitolea (kwetu ningeanza na shikamoo). Akajibu kuwa klabu hurekodi ndege "waliothibitishwa". Mimi nilimthibitisha kwa masikio, yeye kwa darubini ya gharama, ndiyo tofauti. Tena nimekuja kusoma kwamba Waingereza wa zamani walikuwa na hadithi za "wapiga miluzi saba" wa usiku. Saba! Hata bibi zao walikuwa wakihesabu.

Kwa hiyo nyota mbili. Tatu, kwa ajili ya glavu.

Jumapili ijayo wanarudi Snettisham. Nimeshatazama mwezi, bamvua litakuwepo. Nimeomba lifti kwa yule bibi, na chai nabeba yangu, ya tangawizi.